Kongamano la Seva Pepe na Siku Tisa Zilizopotea

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibondo, Mratibu wa Mradi wetu wa afya alinikabidhi funguo akasema, "Chumba hiki ni chako, Konsolata. Kikiwaka moto, wewe ndiye wa kwanza kuungua."

Ndani mlikuwa na seva nne, yaani kompyuta kubwa zinazozihudumia nyingine. Moja ilitunza kumbukumbu za wagonjwa wa kifua kikuu, ya pili barua pepe, ya tatu hesabu ya dawa. Ya nne hakuna aliyejua inafanya nini, ila kila mtu aliogopa kuizima. Kitengo cha TEHAMA kilikuwa mtu mmoja, yaani mimi, binti wa wakimbizi wa Burundi waliopata uraia na kulima Kasulu.

Mwaka wa sita nikatumwa Dodoma, kwenye kongamano langu la kwanza la teknolojia. Mada ilikuwa seva pepe: programu inaigawa kompyuta moja yenye nguvu, kila sehemu ikafanya kazi kama kompyuta kamili. "Ni nyumba ya kupangisha," alieleza mhandisi aliyekuwa akifundisha. "Paa moja, lakini kila mpangaji ana mlango na kufuli lake."

Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nimeiacha seva ya wagonjwa ikikwaruza. Diski yake, mahali kumbukumbu zinapokaa, ilikuwa imechoka. Kila wiki nilichukua nakala, lakini wiki ya kuelekea safari sikuchukua. Nilikuwa kwa fundi cherehani, najaribisha gauni la kongamano. Kila simu ilipotetemeka mezani, niliinyakua nione ni nani.

Siku ya pili asubuhi akapiga simu Nestori, mtunza stoo wetu.

"Dada, ile mashine imenyamaza. Ina taa nyekundu."

"Usiiguse."

"Sijaigusa. Ila muuguzi yuko hapa, wagonjwa wanasubiri. Nimwambieje?"

"Atumie kadi za karatasi. Nakuja."

Nikakusanya mkoba wangu, nikamwendea mhandisi kumuaga. Aliniuliza jambo moja tu: nakala ya mwisho ni ya lini?

"Ina siku tisa."

"Basi hizo tisa zimekwenda. Ukipanda basi leo, zitarudi? Kaa. Mchana tunafundisha namna seva inavyotuma nakala yake mji mwingine."

Nikakaa. Niliandika kila neno huku miguu ikicheza chini ya meza.

Niliporudi nilimweleza Mratibu yote, hata habari ya gauni. Nilipomwomba tununue mtambo wa seva pepe, akauliza:

"Unataka seva zote ziingie kwenye moja, na moja yenyewe imekushinda?"

"Si moja, Bosi. Mbili. Moja hapa, nyingine Kasulu. Kila siku hii inatuma nakala kwa ile, bila kunisubiri mimi."

"Bila kukusubiri wewe," akarudia. "Hapo nimekuelewa."

Kwanza nilirudisha ile nakala ya zamani, kisha ilibidi tuzitafute zile siku tisa. Nestori aliendesha pikipiki, mimi nyuma na daftari, zahanati moja hadi nyingine, tukinakili kadi. Tuliwapata wagonjwa wote isipokuwa mmoja. Muuguzi alimkumbuka: mama wa kijiji cha Mabamba, alianza dawa wiki ile, kadi yake haionekani.

Mabamba tuliulizia nyumba kwa nyumba. Tulimkuta shambani aking'oa mihogo, amekonda, anakohoa.

"Mwakeye, mama," nilimsalimu. "Dawa unakunywa?"

"Ziliisha. Nilikwenda kuchukua nyingine, wakaniambia jina langu halimo." Akatabasamu. "Nikajua basi nimepona."

Nestori aligeuza uso. Mimi nilimshika yule mama mkono, tukampakia kwenye pikipiki. Siku hiyo mimi nilirudi zahanati kwa miguu, na sikuona umbali.

Seva mbili zilianza kazi kabla ya masika kwisha. Baadaye nilihamishiwa Kasulu, nikakaa na ile ya pili hadi nilipostaafu. Vijana waliopokea ofisi wananiambia nipumzike, siku hizi mitambo inajiangalia yenyewe. Labda. Lakini umeme ukikatika mtaani, bado nasimama kabla sijajua nakwenda wapi.

Yule mama alimaliza dozi, akapona kweli. Huwa tunakutana sokoni hapa Kasulu, akileta maharage kwa basi kutoka Mabamba. Ananiita "muuguzi wangu" mbele za watu, na kunifungia kisado, kindoo kizima cha kupimia, bila kuniuliza. Napokea. Sijawahi kumwambia kwamba aliyelipoteza jina lake ni mimi.