Ming'oko ya Lionja

Juzi nilikwenda Ruangwa mjini kwenye tamasha la vyakula vya asili, nikakuta ming'oko imepangwa kwenye sahani ya kioo, pembeni uma. Nilicheka peke yangu. Ming'oko unaimenya kwa vidole, ndugu yangu, unatafuna na kushushia chai ya rangi. Uma wa nini?

Kwetu Lionja, tulipokuwa wadogo, hicho kilikuwa chakula cha kuficha. Mahindi yakiisha ghalani na mvua bado, bibi alituchukua porini kuchimba mizizi hiyo myembamba. Ikichemka, nyumba nzima ilinukia udongo. Mgeni akipiga hodi, sufuria ilisukumwa uvunguni. Mimi mpaka leo nikisikia harufu ile, tumbo linatulia.

Mwaka mmoja njaa ilibana hasa. Mama alikuwa amejifungua, maziwa hayatoki, mdogo wangu analia mpaka sauti inakatika. Kule porini shangazi akaanza kung'oa kila kitu, hadi kichwa cha mzizi, pale unaposhikana na shina. Bibi akamshika mkono. Kwake huo ulikuwa mwiko: kichwa kinabaki ardhini, shimo linafukiwa, ndipo unahamia shina jingine. Shangazi akamwambia mtoto atakufa.

"Leo atakula," bibi akasema. "Na mwakani atakula shimo?"

Tukafukia. Tukatembea mbali sana siku ile, miguu ikatuwaka moto, lakini kikapu kilijaa. Mama akala, na baada ya siku chache maziwa yakarudi. Namshukuru Mungu kwa ubishi wa yule bibi.

Basi pale tamashani nilimuuliza mama muuzaji amechimba wapi. Akanitajia kilima kilekile cha kwetu tulikochimba na bibi, akasema sasa karibu chote ni mikorosho na ufuta, pori limebaki kipande tu. Nikamuuliza kama huwa anafukia.

Akanishangaa. "Nisipofukia, dada, mwakani nitakuja na nini hapa?"

Bibi hayupo, shangazi hayupo, na pale lilipokuwa ghala letu leo pameota nyasi. Nilinunua sahani mbili, yangu nikaila kwa vidole hapohapo. Ya pili nilimbebea mdogo wangu, ambaye siku hizi ana mvi kunizidi. Alimenya mmoja taratibu, akatafuna, akaniuliza nimeitoa wapi.

Nikamwambia nimeitoa kwa bibi.