Khanga Yangu Imenigeuka

Nina wivu, tena wa kutetemeka. Acha niseme.

Sheria ya nyumba yetu hapa Kibondo inajulikana. Nikitundika khanga mlangoni, naandika, na mtu asinisumbue. Hata maharage yaungue.

Leo mchana nikasema basi, riwaya haikimbii. Nikaitoa khanga mlangoni, nikaenda nayo barazani nicheze ludo na familia yangu.

Nakuta wameshatimia wanne! Mume wangu, wanangu wawili, na Mwalimu Zuhura, jirani yetu aliyehamia juzijuzi kutoka Tanga.

Amekalia kigoda changu. Anacheza na nyekundu.

Jamani, kuna mtu asiyejua kwamba nyekundu ni yangu?

Anarusha dadu, sita! Mume wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha hivyo.

"Dada, karibu, nikupishe," Mwalimu akasema, anataka kunyanyuka.

Mume wangu akamzuia. "Malizia tu, Mwalimu. Huyu ana kitabu chake."

Nikajikaza. "Hamna shida, nasubiri mchezo unaofuata."

Hapo Neema, kitinda mimba wangu, akaja akaichukua ile khanga mkononi mwangu. Nikajua ananipokea, mtoto ana adabu.

Akaenda kuitundika kwenye nguzo ya baraza. Akanigeukia.

"Mama, huoni khanga?"

Nimerudi chumbani. Mlango nimeuacha wazi kabisa, na mpaka sasa hakuna aliyekuja kunisumbua.