Santuri ya Mume Wangu Niliyoipeleka Motoni

Nimekosa, na siku nilipokosa watu walinipigia makofi. Ndiyo maana naandika huku ambako hamnijui sura. Nikiyasema haya kanisani kwetu, wataniwekea mikono kichwani waniombee kama mtu aliyerudi nyuma.

Mimi ni mzaliwa wa Igowole, kule Mufindi, nimeolewa Mbeya. Mume wangu ni fundi redio, ana kibanda chake Mwanjelwa. Ni mtu wa maneno machache sana. Ukimuuliza kazi atasema nzuri, ukimuuliza chakula atasema kizuri, basi, maongezi yamekwisha.

Lakini Jumapili mchana alikuwa mtu mwingine. Wenzake watatu walikuja nyumbani kusikiliza santuri, na santuri yenyewe ni moja tu, Jumapili zote. Ilikuwa ya bendi ya vijana wa Zambia wa miaka ya sabini. Magitaa ya umeme yanalia kama mtu anakata bati kwa msumeno, na mwimbaji anaimba Kiingereza kana kwamba amegombana na jirani yake. Aliileta mzee mmoja tuliyemwita Dereva, kwa kuwa ujana wake wote aliendesha malori ya kwenda Kitwe. Mashine yake ya santuri ilipokufa moja kwa moja, akamwachia mume wangu ile santuri kwa sharti kwamba Jumapili mlango usifungwe.

Mngewaona mngecheka. Upande wa kwanza hakuna kuongea, hata kikohozi mtu anakimeza. Wakigeuza ndipo ubishi unaanza. Mwalimu wa sekondari anasema mpiga ngoma ndiye aliyeibeba kazi yote. Muuza nyanya anasema bila besi pale hakuna kitu. Dereva anawanyamazisha: "Nyie mlikuwa wapi? Mimi niliwaona Ndola kwa macho haya." Ubishi ni uleule mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kushinda wala kuchoka.

Sasa, upande wa pili kulikuwa na mahali santuri imekwaruzika. Gitaa likifika hapo linarudia, linarudia, mpaka mume wangu aisukume sindano kidogo kwa kidole. Hapo wote wananyanyua vikombe vya chai na kucheka. Mume wangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi niko jikoni nageuza maandazi, na kile kicheko kilikuwa kinanichoma. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo na mimi.

Wivu, jamani. Wenzangu wanawaonea wivu wanawake, mimi nilikionea wivu kipande cha plastiki.

Halafu siku moja akaja mpendwa mwenzangu wa kikundi cha maombi. Akaliona jalada kwenye meza. Lilikuwa na picha ya fisi mwenye macho mekundu, amesimama katikati ya moto. Yule dada akashika kifua.

"Mama Upendo, unalala nyumba moja na kitu hiki? Halafu unajiuliza kwa nini mtoto wa pili haji? Huyu ndiye aliyekufunga tumbo."

Hapa naomba mnielewe, maana hapa ndipo penye kosa lenyewe. Sikumwamini. Daktari alikuwa ameshatueleza tatizo langu na hakumtaja fisi. Lakini maneno ya yule dada yalinifaa. Nilikuwa nimeichukia ile santuri muda mrefu bila sababu ya kumwambia mtu, na sasa nikapewa sababu inayonukia utakatifu.

Mkutano wa injili ulipofika mtaani kwetu, siku ya mwisho tuliitwa tulete vitu vya giza vichomwe. Mmoja alileta hirizi, mwingine chupa za mganga. Mimi nilifungua kitenge nikatoa santuri ya mume wangu, yeye akiwa kibandani kazini. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema hiki ndicho kilichonifunga tumbo, na uwanja mzima ukapiga kelele za shangwe. Niliona raha, sitawaficha. Mtu kama mimi, nani aliwahi kumshangilia?

Kumbe santuri haiungui upesi. Ilijikunja kwanza kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, ndipo ikaanza kutoa moshi mweusi. Jalada liliwahi kuisha. Watu walikuwa wanapiga picha, nami nikatabasamu.

Picha zilifika kwenye simu ya mume wangu kabla miguu yangu haijafika nyumbani. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, kifuniko kiko wazi. Njiani nilikuwa nimejipanga kwa ugomvi, mistari ya Biblia iko tayari mdomoni. Akaniangalia, akaniuliza, "Umeshakula?"

Nikamwambia bado.

"Kuna wali," akasema, akaenda kulala.

Jumapili iliyofuata wenzake walikuja kama kawaida. Nadhani walitaka kuhakikisha. Walikaa pale sebuleni na mashine tupu, wakanywa chai, hakuna aliyeligusa andazi. Wakati wa kuondoka Dereva alinifuata jikoni. Mzee yule ni Mnyakyusa, na mambo ya moyoni husema kwa lugha yao. "Ndaga, shemeji," akasema. "Asante kwa chai ya siku zote." Hakurudi tena, na wenzake pia hawakurudi.

Nilishindwa kuuvumilia ule ukimya, nikaenda kwa mama yangu Igowole nikidhani nitapata faraja. Mama yangu ni Mlutheri wa zamani, hana haraka na mapepo. Alinisikiliza huku anachambua maharage.

"Shetani gani huyo," akaniuliza, "miaka yote amekaa kwako, anasikilizwa na wazee wanaokunywa chai, na hajavunja hata kikombe?"

"Mama, wewe mambo ya rohoni huyaelewi."

"Ya rohoni siyaelewi. Ya wivu nayaelewa. Si nimekuzaa mimi? Rudi kwako ukaombe msamaha."

Nilirudi na hasira zangu, ila nikataka kusawazisha mambo. Upendo, binti yetu, alikuwa amekuja likizo kutoka shule ya bweni Iringa. Nikamwomba aitafute ile albamu mtandaoni. Aliipata haraka tu. Nikajiona nimemaliza tatizo. Nilimwita mume wangu sebuleni, nikaweka simu mezani, nikamletea na chai.

Alisikiliza, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Muziki ulikuwa safi, hauna mikwaruzo ile ya sindano. Upande wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza bila mtu kunyanyuka kugeuza chochote. Tukafika ule wimbo. Gitaa likapanda, likapita, likaendelea zake.

"Hapa," mume wangu akasema.

"Hapa nini?"

"Hapa ndipo alipozaliwa Upendo."

Nikadhani amechanganyikiwa. Basi akaniambia, na sijawahi kumsikia akiongea kwa muda mrefu kama siku ile. Siku nilipokwenda kujifungua, mama yangu alikuwa na mimi hospitalini, yeye akakaa nyumbani na wenzake, wanasikiliza ile santuri wapunguze hofu. Uchungu wangu ulikuwa umekwama, na walikuwa wameshaambiwa huenda wakatupoteza wote wawili. Mama akapiga simu: mtoto mzima, mama mzima. Mume wangu aliruka mpaka akapiga meza kwa goti, sindano ikakwaruza santuri. Dereva hakukasirika kwa ajili ya santuri yake. Alisema wasiisikitikie, hiyo ni alama ya mtoto.

"Kila ikifika hapo tunanyanyua vikombe kwa ajili yenu," akasema. "Nilidhani unajua."

Nilidhani unajua. Hakunitukana wala hakuninyooshea kidole. Kwa miaka yote ile walikuwa wanafurahi kwamba mimi nilipona, na mimi niko jikoni nimenuna kwa sababu wanafurahi. Nililia mbele ya mtoto. Mume wangu alinishika bega, akachukua kikombe chake akakiosha mwenyewe.

Siku hizi anakuja kanisani na mimi. Wapendwa wanashangilia, wanasema moto ule ulimfungua. Anakaa kando yangu, anasimama tukisimama, anakaa tukikaa. Nyumbani anasema kazi nzuri, chakula kizuri. Nilimtaka awe wangu peke yangu, na nimempata hivi. Nikipita Mwanjelwa nikamwona Dereva kwa mbali, nabadilisha upande wa barabara.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi alikuja nyumbani dada mmoja aliyeusikia ushuhuda wangu. Ameshika mfuko. Ndani kulikuwa na kanda za kaseti za mume wake, rundo zima, za magitaa hayohayo. Anataka nimsindikize kwenye mkutano ujao azichome, kwani mume wake akizisikiliza hamsemeshi. Aliniuliza nilijisikiaje siku ile. Nami nikamjibu, "Nilipata amani." Yaani hata baada ya yote niliyowaeleza, ulimi wangu ulisema hivyo.

Mume wangu alikuwa mlangoni, anarekebisha bawaba. Akaweka bisibisi chini.

"Shemeji, hizo ni za nani?"

"Za mume wangu."

"Anajua umezichukua?"

Dada akausogeza mfuko nyuma yake.

"Mrudishie kabla hajafika nyumbani," mume wangu akasema, akarudi kwenye bawaba yake. Mimi hakuniangalia.

Dada, kama unasoma hapa, nilikudanganya. Sikupata amani, na bado sijaipata. Na wewe mwingine unayekaa jikoni ukihesabu vicheko vya sebuleni, toka na birika lako, vuta kiti, uulize wanacheka nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale waliponinyanyulia vikombe.