Koti la Saa Sita Mchana

Kila harufu ya ndagala kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, inaponipata sokoni, ninacheka peke yangu kabla ya kuuliza bei. Dada alipokuwa anaenda kusoma Ulaya, tulipima valizi yake ya safari kwenye mizani ya jirani muuza samaki. Nikasoma mara mbili: kilo tatu zimezidi, na watu wa ndege hawajui kupatana.

“Mama, tutoe ndagala,” dada akasema.

“Tutoe koti. Koti utapata kule; ndagala utauziwa na nani?”

“Mama, nitakufa na baridi!”

“Basi livae. Wanapima valizi, hawapimi muntu.”

Dada akalivaa juu ya magauni matatu, jua la saa sita likiwaka, akashuka bandarini kupanda boti ya kumfikisha kwenye uwanja wa ndege, akitiririka jasho na kucheka, mtaa mzima ukimpigia vigelegele.