Sabato Inaisha Saa Ngapi

Vuta kiti, tuongee kidogo. Najua una kazi, lakini hili si refu, na nitakueleza polepole.

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Shieywe kumzika mama mmoja, jirani yetu wa zamani. Baada ya mazishi niliosha sufuria pamoja na binti yake, rafiki yangu tangu utotoni, masizi yakitufika kwenye viwiko. Akaniuliza kama bado nayakumbuka maneno ya Myahudi. Nikamwambia nayakumbuka yote. Tukacheka mpaka wazee wakatugeukia.

Myahudi huyo alikuwa wa mchezo wa kuigiza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kitabu kikuukuu kisicho na jalada, mchezo maarufu wa Ulaya wa miaka mingi iliyopita, akautafsiri mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Ulikuwa wa Yerusalemu ya kale: Sultani Mwislamu, askari kijana Mkristo, na mfanyabiashara Myahudi. Sultani anamuuliza Myahudi ni dini ipi kati ya hizo tatu iliyo ya kweli. Myahudi anamsimulia habari ya baba mwenye pete moja ya thamani na wana watatu aliowapenda sawasawa. Baba akatengenezesha pete nyingine mbili, zikafanana na ya kwanza hata yeye mwenyewe akashindwa kuzitofautisha. Kila mwana akaachiwa yake, aishi vizuri nayo mpaka watu waiamini. Pete zetu za kuigizia tulizikunja kwa spoki za baiskeli, na zilituachia kutu vidoleni.

Neno "kweli" lilitutesa. Ndimi zetu ziligeuza l kuwa r bila kutuomba ruhusa. Kila jioni mwalimu alisema, "Kwe-li," nasi tukaitika, "Kwe-ri." Hakuchoka. Alirudia tena.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kumwona Myahudi. Mwalimu alipouliza nani anafaa, mvulana mmoja akajibu kutoka nyuma, "Si huyu hapa, mwalimu. Kwao Jumamosi hawapikangi hata chai."

Alimnyooshea kidole rafiki yangu, ambaye nyumbani kwao walikuwa watu wa Sabato. Akasimama kwa heshima. "Mwalimu, mimi si Myahudi," akasema. "Mimi ni Mwisukha wa hapa hapa."

Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu alicheka pia, kisha akatueleza kwamba kupumzika Jumamosi hakumfanyi mtu kuwa Myahudi, na kwamba Wayahudi wana dini yao na historia yao ndefu. Lakini sauti ya rafiki yangu ilimpendeza, akampa nafasi hiyo. Sultani akawa mvulana wa Mumias aliyekaa kwa shangazi yake, ambaye alitusalimu "asalaam aleikum" hata tukiwa tunafagia vyoo. Mimi, mtoto wa kanisa la Jumapili, nilipewa daftari ili niwakumbushe waliosahau. Hivyo niliyajua maneno ya kila mtu, na ya Myahudi niliyapenda kuliko yote. Nikipukuchua mahindi, niliwatamkia kuku.

Siku ya wazazi ikapangwa Jumamosi, saa nane mchana. Mama yake rafiki yangu akakataa. Hakugomba. Alisema tu kwamba siku ya Mungu haina maonyesho. Jumatano mwalimu akaniita, akanikabidhi joho, lililoshonwa kwa pazia kuukuu, na kuniambia Myahudi sasa ni mimi.

Sitakudanganya, nilifurahi. Nilikimbia hadi nyumbani. Nyanya alikuwa akisonga obusuma, ugali wetu, mboga ya mrenda ikitokota kando, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akaendelea kusonga, kisha akauliza, "Na mwenzako amesema nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nyanya akanituma niende kabla ya kula.

Nilimkuta rafiki yangu akifua sare ya shule. Hakuinua macho. "Chukua tu," akasema. "Wewe unayajua vizuri. Lakini hilo joho ni refu. Ukipanda jukwaani ulishike mbele, usianguke."

Kama angenitukana, ningegeuka nikaenda. Nilibaki karibu na beseni. Mama yake akatoka na ungo wa maharagwe, nami nikamuuliza, "Mama, hii Sabato yenu inaishanga saa ngapi?"

Akautua ungo. "Jua likitua," akasema. "Miaka yote tumekaa hapa, hakuna mtu ameniuliza hiyo."

Kesho yake tulienda shuleni na mama yake. Mwalimu alimsikiliza, akashika kichwa, akausogeza mchezo wetu mpaka mwisho wa ratiba, baada ya jua kutua, na rafiki yangu akawa Myahudi tena.

Jumamosi mvua ikanyesha, ile ya kwetu ya alasiri inayopiga mabati mpaka hamsikilizani. Ilipokatika, wingu zito lilibaki upande wa magharibi. Wapiga isikuti, ngoma zetu, walikuwa wamemaliza nyimbo zao, wakazirudia. Wazazi wakanung'unika kwamba ng'ombe hawajakamuliwa. Rafiki yangu aliketi barazani na mama yake, wote katika nguo za kanisani, na joho lilikuwa mapajani mwangu. Mwalimu mkuu akaja akionyesha saa yake ya mkono.

"Hiyo ni saa, si jua," mama akamjibu kwa upole. "Siwezi kusema limetua na silioni."

Sultani wetu alikuwa kwenye tangi la maji, ameshavua viatu, akilingoja jua hilohilo ili aswali. "Mama, ngojeni kidogo," akasema. "Jua likitua, ule msikiti wa mjini haukosangi kuadhini."

Tukangoja. Adhana ikaja kutoka mjini, juu ya paa zilizolowa. Mama aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Haya. Imeisha. Mvalishe."

Nilimvalisha, nikamfunga kamba kiunoni, na nilikuwa na wivu kidogo. Ukumbi ukasubiri tena, Sultani amalize kuswali, na safari hii hakuna aliyewataja ng'ombe. Kisha karabai zikawashwa. Sultani akauliza ni ipi iliyo ya "kweri", watu wakacheka, halafu rafiki yangu akaanza kujibu. Alisahau mstari mmoja tu. Nilimnong'oneza nikiwa nyuma ya shuka, pazia letu.

Ukumbi ule umebomolewa. Mwalimu alihamishwa, na sijui alifika wapi na kalamu yake nyekundu. Siku hizi simu inakutajia dakika ya jua kutua, kwa hiyo hatuulizani, na mtu anaweza kuishi ng'ambo ya ua wako miaka ishirini usijue siku yake huanza lini. Dini ipi ni ya kweli siwezi kukueleza. Lakini hili dogo naweza kukuelekeza. Kabla hujapanga sherehe au mkutano wako, nenda kwa jirani ambaye ibada yake si kama yako. Piga hodi. Muulize siku yake inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi. Iandike, kisha panga.