Fundo la Utosini

Binti yangu alipofariki, mie ndiye niliyemfunga kidevu. Shangazi zake walitaka kunipokea kazi hiyo, nikakataa. Nilipitisha kipande cha kanga chini ya kidevu, nikakaza fundo utosini, ili mdomo usibaki wazi.

Hatujamaliza arobaini, binti yake wa miaka minne akaanguka kutoka juu ya vitanda vilivyopangwa nje ya karakana ya jirani yetu seremala, hapa Keko. Alitua kwa kidevu. Hospitali walimpiga picha wakakuta taya lina ufa.

"Hatumpasui, bibi," daktari alisema. "Humu ndani kuna meno ya ukubwani hayajatoka, vyuma vya kuungia mfupa vinaweza kuyaharibu. Mfupa wa mtoto unaunga wenyewe. Mpe uji, mtori, supu. Asitafune kitu. Na bandeji hii, ukishamwogesha uifunge tena. Isilegee."

Akaipitisha chini ya kidevu, akaifunga utosini. Mie nikatazama sakafu.

Nyumbani, shoga yangu wa chumba cha pili alishika kiuno mlangoni.

"Mtoto mzima umemfunga kama maiti! Hebu ifungue, umpeleke kwa mkandaji amnyooshe."

"Mkandaji atalivunja kabisa."

"Haya. Basi walau ukifunga usiwe unalia. Unamtisha mwenzio."

Sikujua kama nilikuwa nalia.

Kila akitoka kuoga alikaa kwenye kigoda akinisubiri. Nikiishika bandeji, niliikunja na kuikunjua kwanza.

"Bibi, fanya haraka. Leo chapati?"

"Uji."

"Uji tena! Kwani mie kichanga?"

Alisema hayo huku meno yamebanwa, midomo haisogei, na sauti ilikuwa ya mama yake. Nikafunga. Ningelegeza ningepata nafuu mie, lakini taya lingeunga upande.

Siku ya kurudi hospitali daktari aliifungua, akamwambia apanue mdomo. Ulipanuka, ila kidevu kilivutika kidogo kushoto. Akasema kitanyooka kadiri anavyokua, lakini niwe namwangalia mpaka meno ya ukubwani yaote.

Sasa anatafuna chapati, na kelele zake zimerudi. Asubuhi namwita mlangoni penye mwanga, namwambia apanue. Anapanua, ananitolea na ulimi. Simkemei. Nabaki nimeinama pale, nasubiri aufunge mdomo mwenyewe.