Jua la Fundi

Nilimwendea fundi wa sola kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika kila mara na maziwa yalikuwa yakinichachia dukani. Nilikwenda kupatana bei. Yeye akataka mjadala. "Mama, jua halina mwenyewe," aliniambia kwa sauti ya taratibu, akipangusa paneli kwa pindo la shati kama anayemfuta mtoto kamasi. "Ubepari ndio uliotufundisha kuuza kila kitu." Nikamwambia basi anipe bure. Akacheka, akataja bei ya kuua mtu. Niliposema heri ninunue jenereta, akanililia moshi na vifua vya wajukuu wangu. Nilipokubali sola, akaanza kuisifia jenereta uvumilivu wake siku za mawingu. Kila nilipohamia upande wake, nilikuta ameshahama.

Tukiwa hapo, fundi cherehani wa jirani akatandaza turubai lake, na kivuli kikaifunika paneli iliyowekwa nje kuvutia wateja. Ile sauti ya taratibu ikapasuka: "We bwana, unaniibia jua langu!"

"Basi litie kwenye gunia uondoke nalo!" akajibu jirani.

"Lako?" nikamuuliza fundi wa sola.

Akanitazama, akaitazama paneli, pindo la shati bado mkononi. Hapo hapo nikataja bei yangu, naye hakubisha.

Maziwa yangu hayachachi tena, yeye faida ilimponyoka. Lakini mpangaji wangu akianika mashuka mbele ya paneli, mimi humpigia kelele maneno yale yale ya fundi wa sola, na mpaka leo sijui kati yangu na fundi huyo nani alimshinda mwenzake.